Maegesho Matupu ya Barabara ya Kinu

1

Mia tatu na kumi na wawili kati ya mia tatu na kumi na wawili. Tusekile Mwalyego aliisoma ile hesabu mara tatu, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni lake, akaivaa tena. Hesabu haikubadilika.

Alikuwa karani wa sauti katika Jiji la Lusungo kwa mwaka wa tisa sasa, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuona mtaa uliokubaliana hata juu ya siku ya kuzoa taka. Watu wa Barabara ya Kinu ndio usiseme. Waliwahi kugombana miezi minne kuhusu rangi ya lango la zahanati, wakaishia kulipaka nusu kijani nusu bluu, na mpaka leo lipo hivyo hivyo. Leo hao hao, bila hata mmoja kukohoa, wamekubali jiji liwaondolee maegesho yote arobaini na moja ya kando ya barabara yao na kupandisha mwendo wa magari kutoka kilomita thelathini kwa saa hadi sabini.

"Hapa kuna mkono wa mtu," alijisemea.

Kilichomkera zaidi ni kwamba miongoni mwa waliokubali alikuwemo mama yake mzazi, Atuganile, mwanamke ambaye hajapata kukubali bei ya nyanya kama ilivyotajwa. Na alikuwemo Tusekile mwenyewe, ambaye hakumbuki kuulizwa.

Kuulizwa, hakuulizwa. Zamani jiji likitaka kubadilisha jambo liliitisha mkutano, wakaja watu saba, na watano kati yao walifuata soda. Siku hizi linauliza vivuli. Kila mkazi mtu mzima ana kivuli chake ndani ya mashine za jiji, mfano wake uliofinyangwa kwa miaka kumi ya safari zake, manunuzi yake, simu zake za malalamiko na sauti yake mwenyewe. Jiji likiwa na swali halimsumbui mtu sokoni wala kitandani. Linakiuliza kivuli, nacho kinajibu kama mwenyewe angejibu, na mara nyingi kinapatia kuliko mwenyewe.

Sheria iliweka breki mbili. Ya kwanza, kivuli kisijue habari za hospitali za mwenyewe. Ya pili, mtu hai asiyeridhika na jibu la kivuli aende kwenye kibanda cha sauti cha mtaa wake, ajitaje, aseme, atoe sababu. Sababu ikiwa ya kweli, na vivuli vyote vikawa havikuijua, shauri linasimama siku tisini. Ila hakuna kupinga kwa kujificha. Saa nne asubuhi, siku ya kufunga shauri, maneno yake yanatangazwa kwenye vipaza sauti vya mtaa mzima, kwa sauti yake mwenyewe na jina lake kamili.

Kazi ya karani ni kutia saini kwamba kila mtu amesikika.

"Dada Tusekile, lile la Kinu limekwisha?"

Alikuwa Bwana Fidelis Mtweve, mkuu wa idara, amesimama nyuma ya kiti chake na kikombe cha chai. Mtweve hakuwa na desturi ya kufika kwenye meza za makarani.

"Linakwisha, Mkuu."

"Limebaki nini? Kesho saa nne linafungwa. Tia saini leo upumzike."

"Wote wamesema ndiyo, Mkuu. Wote kabisa."

"Si ndiyo vizuri? Wenzako wanasali wapate mtaa wa namna hiyo." Akapuliza chai yake. "Barabara ikiwa nyeupe, gari la wagonjwa litafika hospitali dakika sita mapema. Dakika sita, dada. Huo ni uhai wa mtu."

Kisha akatoa mfukoni kipande cha keki kilichofungwa kwenye karatasi laini, akakiweka juu ya meza, akaondoka bila kueleza. Tusekile alikitazama kile kipande cha keki kwa muda mrefu. Baba yake alipofariki, Mtweve hakumpa hata pole. Leo anampa keki. Alikisogeza kwa ncha ya kalamu mpaka ukingoni mwa meza na hakukigusa.

2

Karani ana haki ya kukihoji kivuli chochote. Tusekile alijifungia kwenye chumba cha kuhojia, akavaa spika za masikioni, akaandika namba ya nyumba yao.

"Nani? Tuse? Umekula?"

Alishika meza. Ilikuwa sauti ya mama yake ya miaka miwili iliyopita, kabla moyo haujamchoka, sauti ya kumwita mtu kutoka ng'ambo ya barabara. Alikuwa amesahau kwamba iliwahi kuwa nzito hivyo. Siku hizi mama alisema maneno manne akapumzika.

"Nimekula, Mama." Alijikuta amejibu mashine kwa heshima. "Nina swali. Kwa nini umekubali maegesho yaondolewe?"

"Nani anaegesha pale? Sisi gari hatuna. Mabubu hayaegeshi. Nafasi imekaa bure toka mwaka juzi."

Hilo lilikuwa kweli. Mabubu ndiyo magari yasiyo na dereva. Watu waliyaita hivyo kwa sababu hayapigi honi wala hayajibu matusi. Yakishusha abiria yanarudi yenyewe kwenye banda lao nje ya mji. Tangu yaje, mistari ya maegesho ilibaki imechorwa kwenye lami bila wa kuitumia.

"Na mwendo wa sabini?"

"Si wewe unayelalamika kila asubuhi kwamba unachelewa kazini? Nimesikia mpaka nimechoka. Yaende mbio ufike."

Aibu ilimshika. Alifungua jibu la kivuli chake mwenyewe, akakuta jambo lile lile: huchelewa dakika kumi na moja, hulaumu barabara, kwa hiyo ndiyo. Hakuna aliyelitia neno hilo kinywani mwake. Alilisema mwenyewe, mara nyingi, akiwa anatafuta kiatu.

Alipekua mihuri ya majibu yote, moja baada ya jingine. Hakuna uliovunjwa. Alipekua sababu zilizotumika. Kamera za barabarani ziliandika kwamba kati ya saa mia moja, maegesho ya Kinu huwa na gari kwa chini ya nusu saa. Chini yake palikuwa na mstari mwingine: *Vizuizi visivyo magari, siku ishirini na tatu kwa mwaka uliopita. Chanzo hakijulikani.*

Akaifungua picha moja. Ilipigwa kutoka juu ya nguzo ya taa. Maturubai mawili ya bluu yamefungwa kando ya barabara, viti vya plastiki vimejaa chini yake, moshi wa kuni pembeni, na mwanamke aliyejifunga khanga akivuka lami na sufuria kubwa, bubu moja likimngoja. Yule mwanamke alikuwa yeye. Ule ulikuwa msiba wa Baba Gwakisa. Alikumbuka zile ndizi, alimenya mpaka vidole vikawa vyeusi.

Kwa hiyo mashine iliona watu wakilia, ikaandika kizuizi.

Haikuwa chuki, ilikuwa haijaambiwa tu. Watu wa Kinu hawautaji msiba ambao haujafika. Huo ni uchuro, ni kumwita mgeni usiyemtaka kwa jina lake. Hata walipochanga kununua maturubai, waliyaita vyombo vya shughuli, na duka likaandika shughuli. Katika miaka kumi ya maneno yao yote, kwenye simu, dukani, kwenye foleni, hakuna mtu hata mmoja aliyesema kwamba yale maegesho matupu ndiyo mahali wanapokaa wakifiwa. Nyumba za Kinu hazina viwanja, zimebanana ukuta kwa ukuta. Pa kukaa ni pale tu.

Tusekile akarudi kwenye spika.

"Mama, na kukiwa na..."

"Kukiwa na nini?"

Ulimi ukamgoma. Aliyekuwa akimsikiliza ni mashine, haina moyo wa kushtuka, wala haitarudi nyumbani kumweleza mtu. Hata hivyo hakuweza kulisema neno lile mbele ya sauti ile.

"Kukiwa na watu wengi nyumbani," alisema.

"Watu gani? Watu wa nini?"

Alikata mawasiliano, akakaa akijifuta macho.

Lakini mtu wa kazi hii hakosi kutilia shaka. Sawa, vivuli havikujua. Watu hai je? Tangazo lilisomwa mtaani wiki tatu mfululizo. Watu mia tatu na kumi na wawili, wenye midomo, wanaoijua picha ile kuliko yeye, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kibandani? Alifungua kumbukumbu za kibanda cha sauti cha Kinu, na hapo akakuta mistari miwili. *Mlango umefunguliwa mara tisini na sita. Sauti zilizorekodiwa: hakuna.*

Watu waliingia. Watu tisini na sita, au mtu mmoja aliyerudi na kurudi, na hakuna neno lililobaki. Aidha kuna mtu amekiharibu kile kibanda, au kuna mtu amewaziba watu midomo. Tusekile alichukua mkoba wake. Kile kipande cha keki alikiacha pale pale ukingoni.

3

Saa tisa alasiri alishuka mwanzo wa Barabara ya Kinu, karibu na kile kinu cha kusaga ambacho siku hizi kinatengeneza betri. Alikwenda kwanza kibandani. Akaingia, akafunga mlango, akasema moja mbili tatu. Kibanda kikamrudishia sauti yake safi kabisa. Kilikuwa kizima. Basi ni watu.

Alianza na saluni ya Mama Gwakisa, yule mjane wa msiba wa pichani. Mama Gwakisa alikuwa akisuka, na alipomwona tu, mikono ikasimama.

"Mama Gwakisa, shikamoo. Ulikwenda kibandani?"

"Marahaba. Mimi sina la kusema, Tuse." Macho yakakimbilia kwenye kioo. "Mama anaendeleaje?"

"Anaendelea. Nimekuuliza habari ya kibanda."

"Msalimie sana Mama. Mwambie nitakuja kumsuka." Na mikono ikaanza kusuka tena, haraka kuliko ilivyohitajika.

Tusekile aliona kiti kipya cha kuoshea nywele pale kona, bado kina nailoni. Akakitazama, akamtazama mwenyewe. Kiti kile kimetoka wapi, wakati huu huu? Alitoka bila kuaga vizuri, na alijua amekosa adabu, na hakujali.

Mbele kidogo alimkuta Mzee Ambakisye amechuchumaa katikati ya nafasi moja ya maegesho. Ambakisye ndiye mtunza vyombo vya mtaa. Stoo yake ina maturubai, viti mia mbili na masufuria ambayo mtu anaweza kuogea. Ujanani, yeye na wenzake walitoboa lami ya jiji bila kumwomba mtu ruhusa, wakazika mabomba kumi na mawili ya chuma, sita kwa kila turubai, ili nguzo zisimame imara wakati wa upepo wa Julai. Kila bomba lina kifuniko. Usipokuwa mtu wa Kinu unavikanyaga bila kuvijua.

Alikuwa anakwangua udongo kwenye kifuniko kimojawapo. Alipousikia mwendo wa Tusekile, akaficha kopo la grisi nyuma ya mguu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Leo umetoka mapema."

"Unafanya nini?"

"Kutu. Natoa kutu tu."

"Kiangazi hiki kuna kutu?"

Bubu moja lilipita polepole kando yao, kilomita zake thelathini, tupu. Uvumilivu wa Tusekile ukaisha.

"Wamekupa nini, Baba?"

"Nani?"

"Hao wanaotaka barabara hii. Mama Gwakisa ana kiti kipya. Wewe unaficha grisi. Mtaa mzima unaingia kibandani na hakuna anayesema kitu. Mimi siyo mtoto. Mmepewa nini mnyamaze?"

Mzee Ambakisye alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto wake mwenyewe. Halafu akaitoa ile grisi mafichoni, akaiweka katikati yao.

"Kaa," alisema.

Tusekile akakaa juu ya lami, na gauni lake la kazi.

"Kile kiti Mama Gwakisa alikichezea mchezo wa kupeana pesa na wenzake mwaka mzima. Kamuulize. Kibandani nilikwenda siku ya kwanza kabisa, Jumatatu. Nikaingia, nikafunga mlango, kikaniuliza sababu. Nikafungua mdomo." Akalifunga kopo la grisi. "Nikamwona mama yako akilini. Pale dirishani, anapokaa kila siku, na kipaza sauti kipo kwenye nguzo juu yake. Saa nne itafika, atasikia Ambakisye anasema maegesho yabaki kwa ajili ya msiba. Msiba wa nani, Tuse? Mtaa huu ni nani anayeumwa?"

Tusekile aligeukia dirisha la nyumba yao.

"Nikatoka. Nje nikamkuta Mama Gwakisa, anangoja zamu. Tukaangaliana tu. Akaingia, akakaa kidogo, akatoka. Nadhani ndivyo ilivyokuwa kwa wengine. Hakuna aliyepewa kitu, mwanangu. Tulimwonea haya mama yako."

"Na hivi vifuniko?"

Mzee alifuta mikono kwenye suruali kwa muda mrefu. "Vikishika kutu, siku ile havifunguki," alisema. "Sikutaka unione."

Tusekile alilia pale pale barabarani. Alilia kwa sababu ya mama yake, na kwa sababu siku nzima alikuwa amewawaza vibaya watu ambao kosa lao lilikuwa ni kumpenda.

4

Mama alikuwa kitandani pake dirishani, mto nyuma ya mgongo, akiyahesabu mabubu kama kawaida yake.

"Umechelewa," alisema.

"Nimechelewa, Mama. Nisamehe."

"Chai ya asubuhi ilikuwa na majani mengi mno."

"Kweli, ilizidi."

"Na hilo gauni halikupendezi."

"Nitalibadilisha."

Mama alimgeukia, akamkagua kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Daktari alisema nini siku ile mlipotoka nje wawili?"

Swali hilo alikuwa ameliuliza mara nne mwezi huu. Kila mara Tusekile alijibu kwamba amesema unywe dawa kwa wakati. Alichosema daktari ni kwamba moyo umechoka, kwamba mvua zikianza mwezi wa kumi na moja hadhani Mama atakuwepo kuziona. Huu ulikuwa mwezi wa nane.

"Alisema unywe dawa kwa wakati," alisema Tusekile.

"Haya."

Alipika, akamlisha, akaosha vyombo, na muda wote alikuwa akitafuta mlango wa kupitia. Angeweza kukaa kimya na kutia saini. Jiji lingefuta maegesho, lingeziba mabomba, na siku ile ikifika, watu wa Mama wangesimama wapi? Wangejibana kwenye korido, wanaume wangeegemea ukuta, huku mabubu ya mwendo wa sabini yakiwapita puani.

Angeweza kutoa sababu ya uongo. Aseme ni uwanja wa watoto kuchezea. Lakini mashine hupima kila sababu kwa picha zake, na hakuna mtoto anayecheza kwenye ile lami, ingetupwa. Angeweza pia, kwa funguo za karani alizonazo, kuingia na kugeuza jibu la vivuli mia moja, na asiyejua asingejua. Wazo hilo alikaa nalo zaidi ya yote. Asubuhi alikuwa akimtafuta mwizi wa sauti za watu. Jioni mwizi alikuwa ameketi jikoni kwake, anaosha sahani.

Kilichobaki ni kusema ukweli. Na ukweli ukisemwa, saa nne Mama atausikia kutoka juu ya nguzo, pamoja na mtaa mzima. Basi amwambie yeye kwanza, hapa, leo. Alifuta mikono, akaenda akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, kuna jambo."

Mama alikuwa amefumba macho. "Ni zuri?"

"Hapana."

"Basi lingoje mpaka kesho. Leo nimechoka."

Na Tusekile, Mungu amsamehe, alishukuru.

5

Saa mbili na nusu asubuhi alikuwa ndani ya kibanda. Kilimwuliza jina, akataja. Kilimwuliza sababu. Aliongea kwa dakika moja tu, akatoka.

Simu ikalia kabla hajafika nyumbani. Alikuwa Mtweve.

"Nimeiona," alisema. Sauti yake haikuwa na hasira. "Mashine imeikubali sababu, ina picha ishirini na tatu za kuithibitisha. Kwa sheria shauri hili silo lako tena, itabidi nilishike mimi. Dada Tusekile, kwa nini hukuniambia jana?"

"Jana nilikuwa nakudhania wewe, Mkuu."

"Kwa sababu gani?"

"Keki."

"Binti yangu alipata kipaimara Jumapili," alisema Mtweve. "Niliigawia idara nzima." Halafu akaongeza: "Pole na Mama."

Kwenye mlango Tusekile alisimama kwanza, akaweka tabasamu usoni. Ilikuwa saa nne kasoro dakika saba.

"Mama, njoo ukae chumba cha nyuma. Hapa leo kuna vumbi."

"Vumbi silioni."

"Nikufungulie redio?"

"Tuse." Mama hakugeuka kutoka dirishani. "Kaa hapa."

Akakaa. Akamshika Mama mkono, na mkono ulikuwa mwepesi. Alitaka kulisema kabla ya mashine, alifungua mdomo mara mbili, na mara ya pili kile kipaza sauti kikakoroma, kikaanza. Mtaa mzima ukajaa sauti yake mwenyewe.

*"Mimi ni Tusekile Mwalyego wa nyumba namba kumi na saba. Napinga. Maegesho yetu siyo matupu. Yana mabomba kumi na mawili ya nguzo, na tukifiwa tunafunga hapo maturubai mawili, kwa sababu nyumba zetu hazina uwanja. Chakula tunakivusha kwa miguu kutoka ng'ambo, na gari la mwendo wa sabini halitamngoja mtu mwenye sufuria. Mama yangu anaumwa. Daktari ameniambia hataziona mvua. Naomba mahali pa kuwaweka watu wake."*

Kipaza sauti kikazima. Ng'ambo, Mama Gwakisa alikuwa ametoka na kitana mkononi. Mzee Ambakisye alikuwa amesimama kwenye mlango wa stoo. Milango mingine ikafunguka, na watu wakasimama hapo, hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kuangalia dirisha la namba kumi na saba.

Mama aliyahesabu mabubu matatu yaliyopita.

"Daktari yupi?" aliuliza. "Yule mwenye kipara?"

"Yule, Mama."

"Nilijua." Akapumzika, akaendelea. "Toka siku ile umekuwa unanikubalia kila kitu. Chai, gauni, kila kitu. Miaka arobaini hujawahi kunikubalia. Nikajua tu, nakufa."

Tusekile aliweka uso wake kwenye ule mkono na akashindwa kuunyanyua. Alisikia vidole vya mama yake vikitembea kwenye nywele zake, vikipapasa mistari ya msuko.

"Maturubai mawili, umesema?"

"Mawili."

"Hayatoshi."

Tusekile akainua kichwa.

"Ndugu zetu wa Tukuyu peke yao wanajaza moja," alisema Mama. "Kwaya je? Na wale wa soko la nyanya, unadhani hawatakuja? Watakuja wote, uwe na hakika." Akasukuma shuka pembeni. "Nipe viatu vyangu."

"Mama, kibandani ni mbali."

"Nimekwambia nipe viatu."

Walitoka wakiwa wameshikana, hatua tatu, pumziko, hatua tatu. Walipofika ukingoni, bubu lililokuwa likija lilipunguza mwendo, likasimama, likawangoja. Mama alilitazama kwa kiburi, akavuka bila haraka. Kwenye nafasi ya tatu ya maegesho akasimama na kugonga kifuniko kwa ncha ya kiatu.

"Ambakisye."

"Naam, dada." Mzee alikuja na kopo lake la grisi, macho yamejaa machozi.

"Hii nguzo iko karibu mno na mtaro. Sitaki watu wangu wakae kwenye harufu."

"Nitaisogeza, dada."

"Na la tatu mtalifunga wapi?"

Mzee aliangalia huku na kule barabarani, akipima kwa macho. "Kuanzia kwa Mama Gwakisa mpaka kwenye taa. Mabomba sita mengine. Lami nitaitoboa mwenyewe."

Mama akaitikia kwa kichwa, na hiyo ndiyo mara ya kwanza Tusekile kumwona akiridhika na kipimo cha mtu mwingine. Nyuma yao watu walikuwa wameanza kutoka milangoni, wakifuata kwa mbali, kila mmoja na sauti yake ambayo hakuitumia wiki tatu nzima.

Kibandani hakutaka msaada. Aliingia peke yake, akafunga mlango. Ukuta ulikuwa mwembamba, na Tusekile alisimama nje akasikia mashine ikimwuliza jina, kisha ikimwuliza sababu. Mama alitafuta pumzi kwanza.

"Yule wa kwanza ni binti yangu," ilisema ile sauti ndogo iliyochoka. "Amekosea hesabu. Andika matatu."